Kiwiko cha Mgeni na Bia ya Harusi ya Saija

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Halmashauri yetu, Bwana Reijo Haapaniemi, Mama Aune Kivelä, mpishi wetu mkuu, ndugu wanakijiji.

KARIBU
Tunakukaribisha kijijini Kuusela kwa mwaka wa pili. Tumekuwekea kiti kizuri, mbali kidogo na hori la kuchujia bia. Tafadhali endelea kukikalia.

HISTORIA
Sahti, bia yetu ya jadi, tunaipika kama mama zetu walivyoipika. Maji huchemshwa kwenye pipa la sauna, kimea kikaloweshwa kidogo kidogo mpaka uji ufikie nyuzi sitini na kitu. Hapo hufunikwa, ukaachwa uwe mtamu. Ukizidishiwa moto, utamu hauji na hamira inakosa chakula. Kisha uji humiminwa kwenye hori la mti lililotandikwa mabua na matawi ya mreteni. Maji ya kwanza hutoka machafu. Tunayarudisha juu kwa upawa, polepole, mpaka yatoke maangavu. Hakuna kukoroga. Tunarudia, mgeni rasmi: hakuna kukoroga.

MAFANIKIO
Mwaka jana hatukuwa nayo.

Desturi yetu ni kwamba mgeni mkubwa hutia kiwiko kwenye uji na kutamka kama joto limefika. Ni heshima tu, Mama Aune anakuwa ameshapima. Kosa letu lilikuwa kukupeleka kwanza sauna, kwenye mvuke wa moto. Ulitoka mwekundu, ukatia kiwiko, ukasema, "Mbona huu umepoa, jamani? Ongezeni maji ya moto."

Aliyetoka sauna huona kila kitu ni cha baridi, hata watoto wetu wanalijua hilo. Kijiji kizima kilikuwepo na hakuna aliyekukosoa, maana ndivyo tulivyo. Tukaenda kuyaleta hayo maji. Baadaye, hori lilipoanza tu kutoa maji maangavu, ukashika mwiko ukakoroga ili upigwe picha. Sikukuu ya mavuno tulikunywa tope. Nawe ukaisifia, ukaomba uongezewe. Hilo lilituudhi kuliko yote.

CHANGAMOTO
Siku ile Mama Aune alisema tu, "Mwacheni, ni mgeni." Lakini majira ya baridi alimwita mtu wa makumbusho ya mjini aje kulipima hori. Bia ya leo ni ya harusi ya mjukuu wake Saija, Jumamosi hii. Ameapa kwamba ikiharibika tena, hori linakwenda makumbusho na yeye hapiki tena. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Hatujui Kuusela itakuwa kijiji gani bila yeye, na tunaogopa.

MAOMBI
Tulikuwa na maombi ya barabara na ya taa. Tumeyafuta. Tunaomba usiguse kitu. Sauna yenyewe leo haina moto, usijisumbue kuuliza.

Sasa tuseme ukweli. Risala hii haikuwa na haja ya kuandikwa. Tuliiandika ili uwe umekaa hapo wakati bia inajichuja nyuma yako, na tulikubaliana msomaji asinyamaze mpaka Mama Aune ainue mkono.

Ameinua. Ndoo zimejaa, na bia ni angavu.

Unaweza kusimama, Mkurugenzi. Mwiko ule pale, na mpiga picha yupo. Koroga upendavyo, zimebaki pumba.

Mungu akulinde, aibariki nyumba ya Saija, na Jumamosi usikose kuja kunywa.

Ni sisi,
Wapishi wa Sahti wa Kuusela