Masouda na Nguo ya Kaniki

Bismillahi, jamaa zangu, tulieni kidogo niwaeleze habari za marehemu mdogo wangu Masouda, mimi Kheiria dada yake, maana katika tuliozaliwa tumbo moja nimebaki peke yangu.

Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, mwaka ishirini na tano, mwezi wa Rajabu, mama yetu Mahbuba, na mama wa mama yetu Mabruka, aliyeibiwa Unyasa mtoto mdogo akauzwa Unguja. Masouda alisoma Kurani chuoni mpaka akahitimu, mama akamfundisha sindano, akawa anashona kofia na kanzu za watu. Mwaka arbaini na tano akaolewa na Sleyum, wakajaaliwa Aflah na Nasriya, na sitini na nne, ilipomwagika damu ya mapinduzi, Sleyum akafia kule, sisi tukakimbia na watoto, tukafikia hapa Matrah, Omani, kwa Bi Hamdiya, shangazi wa Sleyum.

Hapa mtu huulizwa wewe wa nani, ataje wazee wake mpaka mbali, sisi tukifika kwa bibi yetu Mabruka tunakwama, na Bi Hamdiya, yumo humu ananisikia, alikuwa akimwambia, "Masouda wewe, nasaba yako inaishia mlangoni," naye hucheka, "Basi mama, ntaishona." Akachukua kaniki, ile nguo nyeusi waliyovaa watumwa, kila mwanamke wa ukoo wetu akamkatia kipande, vyote akaviunga nguo moja, bibi akamtilia uzi mwekundu, njia yote aliyoswagwa mpaka pwani, dada zake bibi walioachwa njiani akawatilia mweupe, miaka anashona, kila mzee atokaye Unguja anamuuliza, "Na yule alipotelea wapi?"

Mwaka huu kifua kikambana, akalazwa, na Jumatatu tarehe tisa Novemba, mwaka huu wa sabini, akafariki. Wakati wa kumuosha, Bi Hamdiya akataka vitambaa vya kuoshea, akashika nguo kuukuu ya marehemu kama tufanyavyo siku zote, akaichana, hakujua kuwa ndiyo ile kaniki, mimi nipo uani na maji, naingia, bibi na dada zake wameshalowa mkononi mwake, vitambaa vikaenda kufukiwa.

Usilie Bi Hamdiya, sina neno nawe. Lakini nusu iliyobaki isitolewe sadaka na nguo zake nyengine, na ile iliyokwenda ishonwe tena leo leo, kaniki nnayo, nyuzi za kila mmoja nnazikumbuka, na mimi umri umekwenda, nikifa nnakwenda nao.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia, majirani wa kichochoro hiki kwa vyakula, na mafundi wenzake wa sokoni waliochimba kaburi.

Sogea basi Bi Hamdiya, shika pembe hii, Nasriya atie uzi, nianze kwa Mabruka.

Nawe Masouda, pumzika mama, kwa salama.