Baba Alitaka Tumkosoe

Baba yetu, ambaye kazini na mtaani alijulikana zaidi kwa jina la Nukta, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Aprili 1951, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya useremala ya baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alikuwa mkunga. Katika maelezo haya hatutamwita marehemu mpaka tufike mahali pake, kwa sababu alichukia kusoma kwamba "marehemu alizaliwa" na "marehemu alianza darasa la kwanza". Alisahihisha vijitabu vya mazishi vya watu wengi, na kila mara aliuliza huyo mtoto alikwendaje shule akiwa amekufa. Familia imeniomba niandike mimi kwa kuwa ndimi mtoto mkubwa. Nimeandika. Sijui kama nimeandika vizuri, na kwa sasa sina hata nguvu ya kujali.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Kusoma alikujua kabla ya kupelekwa shule, kwa kufuata kwa kidole maandishi ya kwenye makasha ya misumari pale karakanani. Kuna kisa alichokisimulia mara nyingi kuliko tulivyohitaji. Akiwa darasa la nne, mwalimu wa jiografia aliandika neno ubaoni akakosea, na Baba akanyoosha mkono kumwambia. Mwalimu akamtoa nje. Baba alichungulia dirishani, akamwona mwalimu akilifuta lile neno kwa kiganja na kuliandika upya. Alisimama juani hadi kipindi kikaisha, na alisema hakuwahi kufurahi shuleni kama siku ile. Mama husema hapo ndipo alipoharibikia.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji kilichochapa gazeti, kalenda, kadi za harusi na vijitabu kama hiki mlichoshika. Alianza kwa kubeba karatasi, na mwaka 1973 akapewa kalamu nyekundu na kiti katika chumba cha prufu, zile kurasa za majaribio zinazosomwa kabla mashine haijaanza kuchapa. Chumba kilikuwa chembamba, chenye meza moja na taa iliyoning'inia chini mno, na mlango ulifungwa muda wote ili kelele za mitambo zisiingie. Kazi ilifanywa na watu wawili. Mmoja alisoma kwa sauti nakala ya mwandishi, neno kwa neno, pamoja na alama zake zote. Mwenzake alifuata kwenye prufu kwa kalamu. Aliyepita nje ya mlango alisikia mambo kama "mkutano mkuu mkato utakaofanyika Jumamosi mkato umeahirishwa nukta". Jina lake lilitoka humo.

Msomaji aliyeletwa kukaa naye mwaka 1975 ndiye mama yetu. Uchumba wao ulipita katikati ya bei za saruji na matangazo ya vifo, maana hayo ndiyo Mama aliyokuwa akimsomea kutwa nzima. Siku moja, walipomaliza ukurasa, Mama hakunyamaza. Aliendelea kwa sauti ileile ya kazi: "Msahihishaji huyu hajaoa bado mkato sijui anangoja nini alama ya kuuliza." Baba aliangalia prufu, akasema hayo hayapo. Mama akamwambia basi ayaongeze. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 3 Desemba 1977 na kujaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1979 na mdogo wangu wa kiume mwaka 1984. Nyumbani, Mama akikasirika alisema maneno yake pamoja na alama, na akifika kwenye nukta sote tulijua maongezi yamekwisha.

Lazima niseme pia kwamba Baba aliwachosha watu. Hakuvumilia "masaa mawili". Hakuvumilia asilimia iliyoandikwa kwa neno kisha ikabandikwa na alama yake. Mtu akisema mvua "imepelekea" mafuriko, Baba alimuuliza imeyapeleka wapi. Aliwasahihisha wauza duka, makarani wa benki, na daktari aliyekuwa akimsikiliza kifua. Harusini kwangu mshereheshaji aliwakaribisha "wageni waarikwa", na katika picha ya kukata keki Baba anaonekana nyuma yetu, ameinua kidole. Kundi la simu la mtaa lilimwondoa, likamrudisha kwa heshima ya Mama, likamwondoa tena. Baadhi yenu mlikuwa mkinitumia mimi ujumbe ili nimfikishie kwa mdomo. Alilijua hilo na halikumnyima usingizi. Tulipomsihi aache, alisema kwamba yeye kumnyamazia mtu anayekosea ni kumtupa, na hana mtu wa kumtupa.

Hayo yalimgharimu mtoto. Mdogo wangu ni mchora mabango, na mkono wake mmeuona kwenye maduka mengi bila kujua ni wake. Mwaka 2009 alikuwa juu ya ngazi akichora "Duka la Madawa" kwa rangi ya kijani, kama mwenye duka alivyotaka. Baba akapita. Alisimama chini ya ngazi, barabarani, mbele ya mteja na wapita njia, akamwambia ashuke afute, kwa kuwa dawa hata zikijaa ghala ni dawa tu. Mdogo wangu alimjibu kwamba anachora anachoambiwa. Baba akamwambia kwamba basi mkono wake hauna mwenyewe. Mdogo wangu alimaliza lile bango, akasuuza brashi zake, na mwezi uliofuata akahamia mji mwingine. Tangu hapo alikuja mara chache, akakaa karibu na mlango, wakaulizana habari za afya na za mvua. Baba hakumkosoa tena hata kwa neno moja. Sisi tulidhani ndiyo amani yenyewe.

Baba alistaafu tarehe 30 Juni 2011, kiwanda kilipofunga chumba cha prufu.

Jumapili tarehe 20 Februari 2022, akiwa anavaa viatu, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, lakini kilichomuumiza zaidi ni maneno. Yalimjia mengine badala ya aliyoyataka. Alitaka maji akasema funguo. Alimwita Mama daktari. Naye alijua amekosea. Ilionekana usoni, hapohapo, kabla hajafunga mdomo. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alituambia tuwe na subira, tusimharakishe. Tulikaa kikao cha familia na kukubaliana kwamba hakuna wa kumkosoa. Akisema funguo huku anaonyesha gilasi, tulimpa maji, tukatabasamu. Kila mara alitutazama kidogo, kama anayengoja kitu, kisha akanywa. Tulikuwa tunampenda, na hivyo ndivyo tulivyojua kumwonyesha.

Ilipofika Septemba alikuwa hasemi ila "ndiyo". Tukaambizana kwamba nguvu zinamwishia. Wageni wakaanza kutuuliza sisi, mbele yake, kama amekula na kama analala vizuri, nasi tukawajibu, naye akiwa amekaa palepale, amevaa shati lake la mikono mirefu, macho makavu. Sasa naliona wazi jambo lililokuwa likitokea. Baba alikuwa anaelekea kuondoka akiwa bado hai, na alikuwa anaondoka kwa sababu hakuna aliyekuwa akibishana naye.

Mdogo wangu alifika Desemba ya mwaka huo. Hakuna aliyekumbuka kumweleza makubaliano yetu. Aliingia na begi begani, na Baba alipomwona alijiinua kidogo kwenye kiti akasema sentensi yake ya kwanza baada ya miezi.

"Mwanangu, umeondoka."

Nilimvuta mdogo wangu shati. Mama alitikisa kichwa kumwonya. Yeye hakutuangalia.

"Sijaondoka, Baba. Nimekuja," alisema. "Sema umekuja."

Baba akasema tena kwamba ameondoka. Mdogo wangu, begi bado begani, akamwambia hapana, amekosea, ni umekuja. Baba alitokwa na jasho. Alianza neno akalikata, akalianza tena, likatoka jingine kabisa ambalo si la kuandika hapa, Mama akacheka bila kupenda. Mdogo wangu hakucheka. Aliendelea kumkatalia, kwa sauti ya kawaida, bila huruma yoyote ya kuonekana, mpaka Baba akalisema: "Umekuja." Kisha akapiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima, akatutazama sisi wengine mmoja mmoja. Nimewahi kutazamwa na Baba kwa hasira mara nyingi, lakini si kama siku ile. Alisema, "Tena."

Mdogo wangu hakurudi mji ule. Alipanga chumba mtaa wa pili, na kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye ngazi zake alipita kukaa na Baba. Walikuwa wakibishana juu ya vikombe, ndala, siku za wiki. Baba alikosea, akakosolewa, akarudia, akakasirika, akapata. Mama naye alijiunga, na alikuwa mkali kuliko sisi sote. Mimi ilinichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila nilipofungua mdomo kumkosoa nilihisi ninamchapa mtu mgonjwa. Lakini alikuwa akiningoja. Maneno hayakurudi yote. Yalirudi ya kutosha kumwambia muuguzi aliyemjia nyumbani kwamba yeye muuguzi ndiye hasemi vizuri. Habari ya lile bango la kijani haikutajwa na yeyote kati yao, na sidhani kama walikuwa bado wanaihitaji.

Jumapili tarehe 9 Juni 2024 alipata kiharusi cha pili akalazwa hospitali. Kama kuna anayetafuta maneno yake ya mwisho, hatuna ya kujivunia. Asubuhi ile alikuwa anamwambia mdogo wangu kwamba ndege aliyetua kwenye ukuta wa jirani ni sufuria, mdogo wangu anakataa, na hawakufika mwisho. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi, Mama akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa. Sasa anaweza kuitwa marehemu.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, yaani mimi na mdogo wangu, mkwe mmoja wa kiume, wajukuu watatu, na dada yake mdogo, ambaye ni shangazi yetu. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani.

Sijalia bado. Naliandika hili kwa kuwa watu wananiangalia wakingoja nilie, na pengine hapa ninaposoma mnaniangalia pia. Nimekuwa nikifanya kazi tu, kupanga viti, kupokea simu, kuhesabu vikombe, na kichwani hamna kitu. Juzi mchana sebule ilijaa watu na chai ilikuwa inamiminwa. Nikamwambia jirani yetu aliyeshika chupa asiimalize, Baba hajanywa. Kila mtu alitazama miguu yake. Jirani akaniambia, kwa upole kabisa, "Sawa, mama," akaiweka ile chupa pembeni na kuifunika kwa kitambaa. Mwingine akasema atakunywa baadaye. Walikuwa wananihurumia. Nikasimama pale katikati ya watu wote hao, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini, kwa kuwa nilielewa Baba alikuwa anasikia nini miezi ile yote aliyokaa kwenye kiti chake.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni anapokea wageni. Alipita katikati ya viti, akaja akasimama mbele yangu.

"Dada, umekosea," alisema. "Baba amefariki."

Nikamwambia asante.

Mkiona kosa katika kijitabu hiki, niambieni mimi. Macho ya Baba yamefanya kazi ya kutosha. Mwacheni apumzike.