Meja Alimshikia Mwizi Mlango

Kibanda changu cha chai kiko pembeni ya uwanja wa kriketi, mkabala na kituo cha basi, na mbele yake kuna benchi la mbao ambalo manispaa ilisema ni la abiria. Abiria gani? Tangu nianze kuuza chai hapa Thornwick, mji wetu mdogo wa Uingereza, sijaona abiria akipata pa kukaa. Benchi lina wenyewe. Kuna Clement, tunamwita Refa, kwa sababu alichezesha kriketi maisha yake yote na mpaka leo akitaka skonzi ya pili ananyoosha kidole juu, kama anamtoa mchezaji nje. Kuna Lionel, huyo ni Pasi, fundi suti mstaafu, suruali yake ina mstari unaoweza kukata siagi. Kuna Godfrey, au Chuma, aliyekuwa na duka la misumari na makufuli. Na kuna Meja, ambaye hajawahi kushika bunduki. Alikuwa karani wa reli, cheo tulimpa sisi kwa ajili ya viatu vyake. Asubuhi moja ya manyunyu walikuwa watatu tu. Nafasi ya Meja, ya mwisho kushoto, ilikuwa tupu, na hakuna aliyeisogelea hata kwa mwavuli.

Meja alikuwa haonekani tangu Jumanne, na mji mzima ulijua kwa nini, maana mfuta madirisha aliyaona na kuyasikia yote dirishani, akiwa juu ya ngazi yake. Asubuhi na mapema mwizi kaingia kwa Meja kwa mlango wa nyuma. Wakakutana kwenye ngazi za ndani, mwizi anashuka na akodiani ya marehemu Enid, mke wa Meja, kile kinanda cha kubeba kifuani alichokuwa akikipiga kanisani kila Krismasi. Meja akasema samahani. Akajibana ukutani, mwizi apite. Halafu, kwa vile jamaa mikono imejaa, Meja akamtangulia, akamfungulia mlango wa mbele, akaushikilia. Mwizi akasema asante sana. Meja akajibu hamna shida, ila angalia hicho kizingiti, kimelegea.

Sasa habari zilishafika kwa binti yake, Rosalind, anayeishi London, na Rosalind alikuwa anakuja siku hiyo hiyo. Ilisemekana ameshamtafutia baba yake chumba kwenye nyumba ya wazee. Mzee anayemshikia mwizi mlango utamwachaje peke yake?

CHUMA: Mimi nasema angempiga. Basi. Mtu yuko ndani mwako, kabeba mali ya mkeo, unangoja nini?

REFA: Ampige na nini? Mzee wa watu anatembea kwa kushika ukuta.

CHUMA: Na gongo la kriketi! Kila nyumba ya maana ina gongo nyuma ya mlango.

REFA: Wee Chuma, gongo la kriketi halipigi mtu. Usinichafulie mchezo.

PASI: Mnabishana bure tu nyie. Swali ni moja. Alikuwa kavaa nini?

CHUMA: Nani, mwizi?

PASI: Meja! Alikuwa na nguo za kulalia. Sasa mwanaume atafukuza mtu kwake kashika kiuno cha pajama? Mdomo unasema toka, suruali inasema nisubiri. Angekuwa na tai tu, mambo yangekuwa mengine.

MIMI: Kwa hiyo tai ndiyo ingemkamata mwizi?

PASI: Bi Hilda, we mimina chai. Ngoja nikuulize. Mwizi mwenyewe, si mfuta madirisha kasema alikuwa na tai?

MIMI: Kasema ya buluu. Na koti refu.

PASI: Ehee! Si ndo hapo! Mwenye nyumba yuko na pajama, mgeni yuko na koti na tai. Hapo nani bwana, nani mvamizi? Meja wa watu kachanganyikiwa kuhusu nyumba ni ya nani! Fundo la tai lilikuwaje?

MIMI: Mtu yuko juu ya ngazi na ndoo mkononi, ataangalia fundo?

PASI: Mimi ningeangalia.

Nilimwamini. Nikawapa skonzi, siagi wakajipakia wenyewe. Refa alikuwa ameshajikohoza, na akijikohoza hivyo ujue sheria inakuja.

REFA: Kwenye ngazi, aliyebeba mzigo hupishwa. Hiyo iko wazi. Huulizi mzigo ni wa nani. Unapisha kwanza, halafu ndo unauliza. Meja hana kosa lolote.

CHUMA: Sasa mbona hakuuliza?

REFA: Mwizi alikuwa ameshaenda.

CHUMA: Kwa kuwa alishikiwa mlango!

REFA: Ulitaka aubamize mbele ya mtu mwenye mikono miwili imejaa? Wewe ulilelewa wapi?

CHUMA: Nyie jamaa mtaibiwa mpaka meno. Sikilizeni. Mimi kwangu juu ya ngazi nimeweka ndoo ya gololi. Mwizi akiingia, namwaga. Pwaa! Anateleza mpaka barabarani.

MIMI: Si ndizo zilizomvunja mkono mkeo?

CHUMA: Yalikuwa majaribio. Na si hivyo tu, nimepiga hesabu ya bata bukini. Bata bukini hamwogopi mtu. Bata sita, na mtaro wa maji kuzunguka nyumba nzima, na ubao wa kuvukia ambao jioni unaunyanyua.

PASI: Chuma, wewe unakaa ghorofa ya tatu.

CHUMA: Nimesema nimepiga hesabu, sijasema nimechimba.

PASI: Dawa ni serikali ipitishe sheria. Mwizi abishe kengele, ajitambulishe, asubiri mwenye nyumba anyoe na kuvaa. Wakishakuwa sawa wote wawili, ndipo ugomvi uanze.

REFA: Na awepo mtu wa katikati. Ikifika saa kumi, kama kwenye kriketi, ugomvi unasimama, watu wanywe chai.

PASI: Hilo ni lazima.

REFA: Na mvua ikinyesha, kila mtu arudishe alichochukua, waanze upya Jumamosi.

Nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye sukari. Wao hawakucheka. Chuma alikuwa anaitazama ile nafasi ya mwisho kushoto, na skonzi yake hajaigusa.

CHUMA: Atakuwa anaona aibu kwa sababu yangu. Mimi ndo nilimuuzia lile kufuli la mlango wa nyuma.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara bila mwavuli, nywele zimelowa. Wanaume wote watatu wakasimama kwa pamoja na kuvua kofia, manyunyu yakawa yanawadondokea kwenye vipara.

— Samahani, — akasema.

— Samahani, — wakajibu wote.

— Samahani kuwasumbua. Mimi ni Rosalind. Binti wa Ambrose.

Ambrose ndiye Meja. Walimkaribisha aketi, wakabanana wampishe katikati, lakini yeye akaketi pale pale kwenye nafasi ya baba yake bila kujua. Hakuna aliyeweza kumwambia. Nikampa chai. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili asikinywe.

— Nimetoka kwake sasa hivi, — akasema. — Nimebisha sana. Ameongea na mimi kupitia tundu la barua. Ameniambia hawezi kufungua, hajavaa.

— Saa ngapi hiyo? — Pasi akauliza.

— Sasa hivi. Saa tano hii.

Pasi akaketi. Mwenzangu, Meja ninayemjua mimi, siku ya mafuriko alitoka kwake majini na tai shingoni na soksi mfukoni. Saa tano hajavaa?

— Watu wa nyumba ya wazee wanataka jibu leo, — Rosalind akasema. — Sijawajibu, nimeona nije niwaulize nyie kwanza, maana kwenye simu Baba anawataja nyie tu. Refa kasema hivi, Chuma kafanya vile. Niambieni tu ukweli. Ndani kwake pakoje? Pana joto? Anakula mezani, au anakula kasimama jikoni? Nani kati yenu huwa anaingia?

Refa aliitazama kofia yake. Pasi alinyoosha mstari wa suruali uliokuwa umeshanyooka.

— Mlango tunaujua, — Chuma akasema hatimaye. — Wa kijani. Shaba yake inang'aa vizuri.

— Nauliza ndani.

— Sisi tunakutana hapa, mama, — Refa akasema. — Huwezi tu kwenda kwa mtu. Hajakualika.

— Tangu lini mnakutana hapa?

— Tangu Enid... tangu mama yako yupo.

— Na hakuna hata mmoja?

Aliniangalia na mimi. Mimi ninayejua Meja anaweka sukari vijiko viwili na kusema kimoja! Mimi ninayewapigia wenzangu kelele kutwa nzima! Hata mimi sijawahi kuingia kwake.

— Msione nawalaumu, — Rosalind akasema. — Mimi mwenyewe tangu tumzike mama sijaingia. Nikija ananingoja nje, koti kalivaa, ananiambia twende tukale hotelini, leo nyumba haijakaa vizuri. Miaka yote hiyo haijakaa vizuri. Na mimi namwambia sawa, Baba.

Akawa analia, chai yake mkononi. Wanaume wakatoa vitambaa vyao vitatu kwa pamoja, vyote vimepigwa pasi, naye hakujua achukue kipi.

Mimi hapo uvumilivu ulinishinda. Nikashusha dirisha la kibanda. Chai iliyobaki kwenye birika nikaimimina yote, vikombe sita, nikavipanga kwenye sinia lile kubwa pamoja na skonzi.

— Nyanyukeni, — nikasema. — Chai imekwisha hapa. Inayobaki inanywewa kwa Meja.

PASI: Bila taarifa?

REFA: Angalau tumpigie simu kwanza...

MIMI: Refa, nyanyuka nisije nikakumwagia!

Kwa Meja ni kukata kona tu. Njiani Pasi akamfunga Chuma tai upya, Refa akafuta viatu kwenye nyasi. Tulipofika, tukapanga mstari mbele ya mlango wa kijani kama watu waliokuja kuposa. Rosalind akabisha.

Akabisha tena. Tundu la barua likafunguka, tukaona vidole.

— Samahani, — sauti ya Meja ikasema. — Sijavaa.

— Ni sisi, Meja, — Refa akasema. — Samahani.

— Samahani sana, Clement. Siku nyingine.

— Baba, fungua. Naomba.

Kufuli likalia. Mlango ukafunguka kiasi cha bega, na bega lenyewe likaziba hapo hapo. Alikuwa kavaa joho la nyumbani limefungwa mpaka juu, chini pajama, na shingoni, juu ya pajama, kafunga tai. Ndevu nyeupe za siku kadhaa. Miguu haikuwa na viatu. Pasi akageuza uso haraka, amwachie heshima yake.

— Mmekuja wengi, — Meja akasema. — Mmefanya vema. Ila leo nyumba haijakaa vizuri.

Akasimama pale, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine kwenye mlango. Mwizi alimpisha, sisi akatuzuia. Nakuambia hata bata sita wa Chuma wasingelinda mlango namna ile.

— Baba, hatujaja kukagua.

— Nilimshikia mlango, Rosalind, — akasema. — Ya mama yako ile. Nilikuwa nakwenda kuifuta vumbi. Nikaiona inapita mbele yangu, nikasema samahani. Nikamwambia aangalie kizingiti. Sasa mwanaume gani huyo? Wewe ungemwachia nyumba mtu kama mimi?

Refa mwenye sheria zote alikuwa anageuzageuza kofia yake. Chuma akafungua mdomo aseme la kufuli, akaufunga. Mvua ikaongezeka, nami mikono ilikuwa inaniuma.

— Meja, — nikasema.

— Naam, Bi Hilda.

— Nimebeba sinia. Mikono yangu yote miwili imejaa.

Aliliangalia sinia. Aliviona vikombe, na mvua ikiingia ndani ya chai. Naapa hakufikiri. Mgongo ulimnyooka wenyewe, akarudi nyuma hatua, akajibana ukutani, akaufungua mlango mpaka mwisho na kuushikilia.

— Karibu, — akasema. — Angalia kizingiti, kimelegea.

Nikapita. Nyuma yangu wakapita wote, wakijifuta miguu mara mbili mbili, na Chuma kabla hajaingia akainama kukipima kile kizingiti kwa kiganja. Ndani palikuwa baridi kuliko nje. Palikuwa na kiti kimoja karibu na meko ya gesi, sahani moja mezani, na juu, ngazi zinapoishia, mahali patupu penye alama ya vumbi ya mstatili, ukubwa wa sanduku la akodiani. Nikaweka sinia.

Rosalind akasimama katikati ya chumba, akatazama huku na huku kwa muda mrefu. Kisha akavua koti lake lililolowa, akalitundika nyuma ya mlango, akapiga magoti mbele ya meko.

— Baba, — akasema, — kiberiti kiko wapi?

Meja alikuwa bado ameushikilia mlango. Akaufunga.

— Juu ya kabati, mwanangu. Mahali pale pale alipokuwa anakiweka mama yako.