Ignasi Theodory na Matone Mawili

Baba Padre, ndugu zangu wa Mwazye, wafanyakazi wenzake kutoka Sumbawanga, mimi ni Kasimiri, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia nisome maisha yake bila kuruka habari ya maksai, maana yeye mwenyewe aliagiza isirukwe.

Kaka yetu Ignasi Theodory alizaliwa hapa Mwazye tarehe 14 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha shule ya kati hadi la nane, na mwaka 1952 akaajiriwa dukani kwa Bwana Saad mjini Sumbawanga, ambako alisifika kwa kutosahau mzigo aliouona mara moja. Tarehe 9 Julai 1955 alifunga ndoa na shemeji yetu Josefina, wakajaliwa watoto watatu, Silvana, Sebastiani na Epifania.

Mwaka 1968 alipewa kazi ya kutunza ghala la vifaa vya vijiji vya Ujamaa. Masanduku mengi yalitoka China, yameandikwa Kichina kitupu, na kwa kuwa hakuna aliyekisoma, kaka alianza kuyatambua maandishi kwa sura zake, lipi lina paa, lipi lina kisanduku, akagundua kwamba neno lenye matone matatu upande wa kushoto mara nyingi ni kitu cha majimaji, mafuta au rangi. Watu walimcheka, lakini hakuna aliyepewa rangi badala ya mafuta.

Novemba 1975 lilifika sanduku lenye matone mawili. Kaka alidhani la tatu limefutika njiani, akaliweka pamoja na mafuta, chini ya bati, wiki tatu. Ilikuwa chanjo ya ng'ombe, na matone mawili yalimaanisha baridi. Chanjo ikaharibika bila mtu kujua, wakachanjwa maksai wa Mwazye, na Februari 1976 ugonjwa ulipoingia walikufa ishirini na wawili, ninyi mkalima msimu mzima kwa jembe la mkono. Angeweza kulisingizia lori, lakini alisimama mkutanoni akasema kosa ni lake. Hakuna aliyemfukuza, ila aibu ilimzuia kukanyaga hapa tena, hata mama yetu alipofariki mwaka 1979 hakuja kumzika, na kwa hilo nilimkasirikia sana, nasema waziwazi.

Akanunua daftari la mirabamiraba, akachora upya kila neno alilowahi kuliona, akaandika kwamba matone yasihesabiwe tu, itazamwe nafasi yake, kwa sababu tone likifutika huacha pengo, lakini matone yaliyo mawili tangu mwanzo hugawana nafasi yote. Binti yake Epifania, aliyekwenda kusoma Peking mwaka 1978, aliandika mwaka 1982 kwamba wanafundisha kompyuta kutambua maandishi ya Kichina, nayo inachanganya mawili na matatu karatasi ikichakaa. Kaka akamtumia daftari.

Januari mwaka huu wa 1984 alianza kuugua figo, akalazwa Sumbawanga. Mwezi Machi barua ya Epifania ilifika, kwamba kompyuta sasa inapima mapengo kama baba alivyoandika, na makosa yamepungua. Nilimsomea mara mbili. Alicheka, akasema kumbe hata mashine ilijikwaa palepale, kisha akalia, akanituma nije kuwauliza kama mnaweza kumpa mahali pa kulala karibu na mama. Mzee Sebastiani, Mwenyekiti wetu, wajina wa mtoto wa kaka, alinijibu kwamba kijiji kitakaa kizungumze. Kaka aliuliza jibu kila siku, nami sikuwa nalo, hadi alipofariki Jumatano tarehe 6 Juni, saa kumi jioni.

Tulimleta hivyohivyo, bila jibu. Jana lori liliishiwa dizeli tulipopita Matai, tukatuma mtu kwa baiskeli aje kuwaarifu, tukakaa kando ya jeneza tukiogopa mtatukataa, na leo asubuhi tukaona mkokoteni unakuja, umefungwa maksai wanne, Mzee Sebastiani akitembea mbele yao. Alifika, akashika jeneza upande wa kichwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Sumbawanga, wenzake wa ghalani, na Bwana Saad aliyetoa lori. Ninyi wa Mwazye sijui niwashukuru vipi. Epifania hayupo, telegramu tumepeleka, nami nitamwandikia kwamba baba yake aliletwa nyumbani na maksai wa Mwazye.

Kaka Ignasi, jibu ndilo hilo. Pumzika sasa, kwa amani.