Mashine Aliyoiacha Orrin

Leo tunamsindikiza Verlyn Haugen, fundi wa mashine za boti. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika shamba la mahindi karibu na Benson, Minnesota, mtoto wa kwanza wa Selmer na Ardis Haugen. Miaka mitatu baadaye alizaliwa baba yangu, Orrin, na ndugu hao walilala kitanda kimoja hadi Verlyn alipomaliza shule.

Alimaliza sekondari mwaka 1964. Babu alitaka abaki shambani, lakini Marehemu alikuwa na tabia ya kufungua trekta zima kabisa ili aone tu lilivyo ndani. Alikwenda chuo cha ufundi, na shamba likabaki kwa Orrin.

Mwaka 1971 alifungua karakana yake kando ya Ziwa Vermilion. Petroli iliyochanganywa na ethanoli, ile spiriti ya mahindi, ilipoingia vituoni, Marehemu aligeuka mhubiri. Alisema kwenye gari haina neno, kwa kuwa gari hutembea kila siku. Boti hulala miezi mingi, ethanoli huvuta maji, na maji hutua chini kabisa ndani ya tangi, pale pale mashine inapoanzia kunywa. Dirishani aliweka chupa ya kioo yenye mafuta yaliyojitenga hivyo. Kila mteja alionyeshwa, hata aliyeingia kuulizia choo. Pampu yake iliuza petroli tupu, na juu yake palikuwa na kibao: HAPA HATUUZI MAHINDI.

Mdogo wake aliishi kwa mahindi hayo, akiyauza kwa kiwanda cha ethanoli. Hata hivyo alikuja kila Julai kuvua, wakataniana wiki nzima. Julai 1999 alikuja na dumu la petroli ya mahindi kutoka kwake. Mashine ya boti yake, ambayo kaka yake alimtunzia karakanani mwaka mzima, ikazimika katikati ya ziwa, Verlyn akaenda kumvuta hadi gatini. Kabla hajafungua hata skrubu moja, aliinua ile chupa mbele ya wateja.

"Kunywa basi, Orrin. Mavuno yako haya."

Watu walicheka. Baba alitupa fimbo yake ya kuvulia ndani ya gari. "Mavuno haya ndiyo yaliyokusomesha, kaka," alisema, akaondoka na kuiacha mashine. Hakurudi tena ziwani.

Marehemu alimwoa LaVonne Maki tarehe 7 Juni 1975. Hawakujaliwa watoto. LaVonne alifariki Februari 2003. Baba alikuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya kahawa ya waombolezaji. Katika ukumbi wa chini ya kanisa, baba mkubwa alikuwa ameshamimina vikombe viwili. Nilimwona akivinywa vyote, cha pili kikiwa kimepoa. Baada ya hapo aliishi peke yake, na kwa kweli upweke ulimla.

Machi 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Nilimwomba ampigie ndugu yake simu, akasema Orrin ana mbegu za kupanda, asisumbuliwe. Baba naye alisema aliyemcheka ndiye amwite. Baba mkubwa alifariki tarehe 9 Septemba hospitalini Duluth. Nilikuwa bado njiani.

Jumanne iliyopita mimi na baba tulifungua karakana. Mashine ya baba ilikuwa kwenye pipa la maji la kujaribia mashine, imefunikwa shuka safi, na kadi inaning'inia. Mstari wa kwanza ni wa Julai 1999: "Kibanio cha mpira wa kupitishia mafuta kililegea. Nilikifunga mimi mwezi Mei. Petroli ya Orrin ni safi." Inafuata mistari ishirini na mmoja, mmoja kwa kila Mei: "Nimeisafisha. Imewaka." Baada ya hiyo upo wa mwisho, wa Mei mwaka huu: "Sina nguvu ya kuvuta kamba. Avute Orrin."

Baba aliisoma mara mbili. Akavuta kamba, na mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Alisema, "Kaka, si ungeniambia tu," nami nilimsikia kwa shida kwa sababu ya ule mngurumo. Hakuizima. Tulisimama pale mpaka petroli ikaisha.

Marehemu ameacha ndugu mmoja, Orrin. Shemeji yake, Joyce, mke wa Orrin. Na mimi, Kirsten, mtoto wa ndugu yake. Pumzika salama, baba mkubwa. Orrin amekuja.