Dawa ya Kidonda Ilivyotumalizia Malisho

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Mifugo wa jimbo letu. Mapadri, mashehe na wachungaji. Wazazi na majirani:

KARIBU

Sisi wafugaji wa Alunguli tunakupokea kwa mikono miwili. Umevuka mto Lualaba na kukanyaga matope mpaka hapa. Wakubwa wengi huishia ukingoni. Ninayesoma ni Misenga Scholastique, lakini maneno ni ya wote.

TULIKOTOKA

Zamani uwanja huu ulikuwa nyasi tupu, na ng'ombe wa wazee wetu waliujaza. Vita ilipofika, wenye bunduki waliwachinja ng'ombe wote. Mwaka wa 2002 mji wetu wa Kindu ulizingirwa. Waliotoka kutafuta sombe, majani ya muhogo ya kupika, wengi hawakurudi. Siku hizo mwenzetu Bruno Kasanda alipigwa risasi mguuni. Dawa hazikuwapo. Mkewe, Christelle, alitwanga majani ya kichaka kigeni kilichoota nyuma ya nyumba, akakamulia kidondani, damu ikakatika. Tangu hapo tulikiita dawa ya kidonda, wala hakuna aliyethubutu kukikata. Tuliporudi malishoni baada ya vita, tulikikuta kimetutangulia, kirefu kuliko mtu.

TULICHOFANYA

Shirika moja lilitupatia mitamba. Tulijenga zizi, na watoto ambao hawakuwahi kuonja maziwa waliyaonja.

SHIDA

Kisha mimba za ng'ombe zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. Tulitazamana vibaya. Huyu alisema sumu, yule akasema uchawi.

Tulimwita Docteur Kanyinda, munganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo. Alizunguka malisho, akachuma jani.

"Muone mishipa hii mitatu, kama uma," alisema. "Musugue, munuse. Ngombe anaikimbia harufu hii, lakini nyasi imeisha, anakula juu ya njaa. Hii njo inatoa mimba."

Bruno alisimama. "Docteur, hii njo ilinifunga damu. Bila hii ningekuwa kaburini."

"Sikatai, baba. Lakini kidonda ni kidonda, na tumbo la ngombe ni tumbo la ngombe. Mung'oe na mizizi. Mukikata tu, itarudi."

 Kesho yake Bruno alikuwa wa kwanza kufika na jembe, akiburuta mguu wake.

Tuling'oa tulichoweza. Kiangazi kilichopita moto wa wawindaji ulitoka msituni ukaingia uwanjani. Kichaka hiki kinawaka kama kimemwagiwa mafuta. Bruno alikimbilia zizi, akafungua mlango. Ng'ombe wengi walitoka. Yeye, kwa mguu ule, hakutoka. Tulimzika humu humu malishoni.

Mvua iliponyesha, kilichochipua kwanza kwenye majivu hakikuwa nyasi.

MAOMBI

Mheshimiwa, Docteur Kanyinda amehamishwa, na wengi wetu bado hatukitambui kichaka hiki kingali kichanga. Juzi familia ya mzee Mbaraka iling'oa mmea mzuri wa mifugo kutwa nzima, ikauacha mbaya. Tunaomba mtaalamu wa mimea akae nasi msimu mmoja, atembee nasi, atuonyeshe kwa mkono. Tunaomba majembe na mbegu za nyasi.

Tena tumesikia inasemwa mjini kwamba hapa ni pori lisilo na wenyewe, na kwamba litapewa wengine. Si pori, Mheshimiwa. Ni malisho yanayougua, na ndani yake tumemlaza mtu wetu.

Mama Christelle, aliyekaa hapa mbele, hakuweza kusema mwenyewe. Ametutuma hivi: "Mumwambie Mukubwa, sitaki nyumba mupya. Nataka muntu wa kunionyesha ile majani ingali kidogo, kusudi watoto wangu waing'oe kabla haijakuwa moto."

Mwenyezi Mungu akuvushe salama mtoni, akufikishe kwa watu wako, na akukumbushe sauti ya mama huyu utakapoketi na wakubwa wenzako.

Ni sisi,
Umoja wa Wafugaji wa Alunguli, Kindu