Kadi za Idi za Meya Henning

Julai 2012, baridi ya Yeoville, mtaa wetu hapa Johannesburg, ilikuwa imetutoa wote nje kutafuta jua. Benchi letu liko mbele ya saluni ya Gaudence, mama wa Kirundi anayesuka nywele ndani na kuuza kahawa mlangoni. Tulikuwa watatu: mimi Mwadini, fundi cherehani wa Tanga, wananiita Zipu; Gustave wa Lubumbashi, mlinzi wa supamaketi, tunamwita Maître, yaani wakili kwa Kifaransa, kwa kuwa alisoma sheria mwaka mmoja; na Bakiri, Mrundi wa Buyenzi, tunamwita Mjerumani kwa vile aliishi kule miaka minane. Siku hiyo asubuhi Bakiri alipigiwa simu: Henning Vossbeck, aliyekuwa meya wa mji wake wa kule, amefariki. Mjane anaomba aandike maneno machache yasomwe kwenye mazishi Ijumaa.

— Andika tu alikuwa mtu mwema, nikasema.

— Ndiye aliyeninyima karatasi, akasema Bakiri.

Tukamgeukia wote.

— Meya na karatasi za wakimbizi wapi na wapi? akauliza Maître.

— Kabla ya umeya alikuwa hakimu. Mtoto wa fundi wa reli, akasomea sheria, akakaa mahakamani miaka ishirini. Mwaka 95 faili langu likafika mezani kwake. Akasema ushahidi hautoshi. Dakika kumi tu! Kwetu kunaungua, mimi hata cheti cha kuzaliwa sina.

— Eish!

— Nikakata rufaa. Haijasikilizwa, nikasikia ameacha uhakimu, anagombea umeya. Akashinda.

— Hiyo naijua sababu, akasema Maître. Hakimu hapigiwi makofi. Alitaka makofi, basi.

— Makofi gani! nikasema. Ni dua ya mtu aliyeonewa. Bakiri alisoma dua, kila akishika kalamu yule hakimu, mkono unakufa ganzi.

— Zipu, weye acha. Ni mwanamke. Kuna mama wa kwetu Lubumbashi alimpikia sombe, kisamvu cha kwetu, siku moja, sheria yote ikamtoka kichwani.

— Yaani Lubumbashi ndiyo inayowapikia mahakimu wa Ujerumani? akasema Gaudence, akituongezea kahawa. Mwacheni mwenyewe aseme.

Bakiri akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Wiki yake ya kwanza ya umeya alikuja hosteli yetu ya wakimbizi na baiskeli, peke yake. Akagonga. Akasema, "Bwana Bakiri, faili lako nililisoma, lakini wewe sikukuuliza kitu." Akaniuliza mama yangu anaitwa nani. Nikamwambia, Mwajuma. Akakaa kitandani kwangu, nikamsimulia mpaka adhuhuri. Halafu akanitafutia daktari wa kuandika juu ya makovu yangu. Siku ya rufaa akaja, akakaa nyuma na watu wa kawaida. Wenzake wa zamani wanamtazama, yeye katulia. Nikapewa karatasi.

Maître alivua kofia ya kazi.

— Nilipomfuata mke wangu huku Joburg, Henning akawa ananitumia kadi kila Idi. Miaka kumi na moja. Mara moja alikosea, ya Idi ikaja na salamu za Krismasi.

Tukacheka, Bakiri naye akacheka, akajifuta macho.

— Sharp, sawa, akasema Maître, akatoa kalamu na karatasi. Tunaanza hivi: "Marehemu mheshimiwa sana, bingwa wa sheria, meya wa mameya..."

— Huyo hata mkewe hatamtambua, nikasema.

— Basi tuweke na uhakimu wake, akasema Maître.

— Na zile dakika kumi? akauliza Gaudence.

Tukabishana. Mimi nasema isitajwe, msibani watu hawafukui makosa. Maître anasema itajwe, ndiyo sifa yenyewe: alikosea, akarudi. Hapo akafika Chiku, dada mgeni kutoka mtaa jirani wa Berea, kuchukua gauni nililomshonea. Akasimama kutusikiliza, gauni mkononi, Gaudence akimnong'oneza habari za meya na kadi zake.

— Samahani, kaka Bakiri, akasema. Kwenye kadi zako za kumjibu, wewe ulikuwa unamwandikia nini?

— Kadi zangu? Sikumwandikia hata moja, akasema Bakiri. Maître akaanza kuikagua kofia yake. Mimi nikatazama kule kwenye robot, taa za barabarani, teksi zinapita, taa inabadilika, nyekundu, kijani, nyekundu tena.

Bakiri akaichukua ile karatasi kwa Maître, akaigeuza upande ulio mtupu. Akainama juu ya goti lake, akaandika, "Henning," kisha akakaa muda mrefu na kalamu hewani.